Mbolezi ya Mwalimu Yakub

Mwalimu Yakub alipoletwa shuleni kwetu kutoka Lamu, hakutusalimu. Alifungua mkoba, akatoa karatasi ya manila iliyokunjwa kwa uangalifu, akaibandika ukutani kwa gundi aliyokuja nayo mwenyewe, kisha akasimama pembeni yake kama askari wa benki. Juu ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu: KANUNI ZA DARASA LA FASIHI. Chini yake palikuwa na kanuni nyingi kuliko madawati mazima tuliyokuwa nayo. Sisi wanafunzi wa Kidato cha Tatu, ambao tulikuwa tumemaliza muhula mzima bila mwalimu wa Kiswahili, tulishukuru sana. Tuliomba mwalimu, tukaletewa serikali.

Kanuni ya Kwanza ilisema kwamba hakuna atakayetoka darasani kabla ya kengele, awe nani, liwe liwalo. Ni kanuni nzuri sana mahali penye kengele. Yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa nje ya jikoni, na mzee wa kuigonga alikuwa na shughuli zake nyingine, kama vile usingizi. Siku akisahau, tuliketi. Siku moja paa lilivuja, tukaketi tukilowa. Rafiki yangu Achieng alitokwa na damu puani katikati ya somo la tamathali za usemi, naye akavuja kwa mujibu wa kanuni hadi rimu ilipolia.

Kulikuwa na kanuni iliyokataza Kijaluo, Kiingereza na Sheng darasani, jambo lililowaachia wengi wetu ishara za mikono tu. Nyingine ilitaka kila jibu liwe sentensi kamili. Lakini kipenzi chake kilikuwa Kanuni ya Tisa: kila dai lithibitishwe kwa ushahidi. Huwezi kusema mhusika ni mchoyo bila kuonyesha alichonyima na aliyenyimwa. Achieng aliwahi kunyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, nina njaa." Akaulizwa ushahidi. Tumbo la Achieng likatoa ushahidi wenyewe, tena kwa sauti.

Mtu huyu alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kanzu moja ya Ijumaa na suruali mbili za siku nyingine. Chai yake aliinywa peke yake katika kikombe chenye kifuniko. Asubuhi alinunua mandazi langoni kwa Priscilla, akanyoosha vidole viwili, akapokea, akaenda zake. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa tu hana neno na mtu, isipokuwa baba yangu, kwa sababu walisali msikiti mmoja mjini Homa Bay na baada ya sala waliketi dukani kwetu kulalamikia maji ya ziwa kwamba hayana chumvi.

Baba yangu anaitwa Abdisalam. Alitoka Garissa kabla sijazaliwa, akafungua duka la sukari, mafuta ya taa, vitambaa na kila kitu kingine, na tangu siku hiyo hakulifunga mchana hata mara moja ila kwa sala. Siku niliyozaliwa alipelekewa habari palepale kwenye mizani, akasema Alhamdulillahi, akaendelea kupima mchele. Aabo, kama tunavyomwita baba kwa Kisomali, hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba elimu ya msichana inafaa ifike pale inapofika, na kwamba nyuma ya mizani kuna kiti kitupu kinachonifaa zaidi. Alikuwa akingoja sababu. "Siku shule wakikutoa, Asmaa," alikuwa akiniambia kwa upole kabisa, "kiti kipo."

Mimi kiti kile nilikichukia. Nilitaka kusoma fasihi. Usiniulize kwa nini mtu atake kusoma fasihi chini ya kanuni zile. Mapenzi hayana akili.

Basi muhula wa pili ukafika na Mwalimu Yakub akatangaza kazi ya muhula. Kila mwanafunzi, peke yake au na mwenzake mmoja, alete mbolezi. Mbolezi ni wimbo wa kumlilia maiti, na upo kwenye silabasi, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Wimbo uimbwe na fanani mwenyewe mbele ya darasa. Urekodiwe kwenye kaseti. Uanze kama unavyoanza katika mazingira yake halisi, si kuanzia katikati. Umlilie mtu mwenye jina, maana mwaka uliopita, huko alikotoka, wanafunzi walimletea nyimbo za kumlilia "marehemu fulani" na hilo lilimuudhi mno. Uandamane na tafsiri fasaha ya kila mstari. Asiye na mbolezi kufikia mwisho wa mwezi hatasajiliwa kwa mtihani wa taifa, na wazazi wake wataitwa waje wamchukue.

"Kuna swali?" akauliza.

Hapakuwa na swali. Palikuwa na hofu, na hofu haina sentensi kamili.

Kwa asiyejua, nieleze. Katika nchi ya Wajaluo huwezi kwenda kwa mtu ukamwomba akuimbie mbolezi kama unavyomwomba maji ya kunywa. Wimbo ule unaitwa na kifo. Ukiuimba bila kifo, basi wewe ndiye umekiita kifo, nacho kikiitwa huja, na kikija huulizi kimemjia nani. Watoto hupigwa kwa kuuchezea. Kila mtu pale alijua hivyo, kuanzia mpishi hadi mwalimu wa fizikia. Mwalimu Yakub peke yake ndiye hakujua, na angejuaje, ikiwa alikuwa hajamwuliza mtu yeyote kitu chochote tangu ashuke kwenye basi?

Kwa hiyo darasa letu likaanza kungoja mtu afe. Sisemi kwa utani. Bonface, aliyeketi nyuma, alikuwa na babu mgonjwa huko Lambwe, na ghafla hakuna kijana aliyependwa kama Bonface. "Mzee anaendeleaje?" tulimwuliza kila asubuhi, kwa huruma ya kutisha. Wengine walikwenda Jumamosi kumwona mzee, na kaseti tupu mfukoni. Mzee akafurahi kutembelewa na vijana wengi hivyo, akapata hamu ya kula, akainuka kitandani. Jumatatu Bonface alipotuletea habari kwamba babu sasa anachunga mbuzi, darasa zima lilihuzunika.

Nyumbani kwetu ndiko kabisa hapakuwa na msaada. Nilimwuliza aabo kama sisi tuna nyimbo za kulilia maiti. Akanitazama. "Kwetu maiti analiliwa kwa machozi," akasema. "Kelele haitakiwi. Kwani nani amekufa?"

"Hakuna. Ni kazi ya shule."

"Mwalimu Yakub amesema?"

"Ndiyo."

"Mwalimu Yakub ni mtu anayejua anachofanya. Fanya alichosema." Akavuta kiti kile kitupu karibu kidogo na mizani.

Alibaki mtu mmoja, nyanyake Achieng, dani Phelesia, aliyeishi nyuma ya uwanja wa shule. Mama huyu aliitwa kulilia wafu kuanzia Kosele hadi Lambwe. Ilisemekana matanga ambayo Phelesia hakufika yalikuwa mkutano tu. Achieng alikuwa amekwisha kumwomba na kufukuzwa kwa mwiko wa ugali. Nikaenda mimi, kwa kuwa mimi si wa damu yake na alikuwa mteja wetu wa sukari. Nilizaliwa Homa Bay, Kijaluo ni lugha yangu ya mchezoni, kwa hiyo tuliongea kwa lugha yake.

"Dani, nisipoleta mbolezi natolewa shule. Aabo ananiweka dukani."

"Dukani kuna ubaya gani? Wewe utapima vizuri. Baba yako kidole chake hupumzika kwenye mizani."

"Dani, tafadhali."

Akaendelea kuchambua mboga. "Nimlilie nani? Waliokufa nimeshawalilia, wamelala, siwaamshi kwa ajili ya mwalimu. Walio hai siwataji. Sasa niambie, nyathina, mwanangu, nimlilie mbuzi?"

Nikalia. Sikupanga, nililia tu, kwa sababu nilikiona kile kiti. Dani Phelesia akafuta mikono. "Huyo mwalimu wenu hana mtu wa kumwambia," akasema. "Nitakuja mimi nimwambie. Kuimba siimbi. Nitamweleza, ataelewa, mtapewa kazi nyingine ya watu wenye akili."

Nilimshukuru. Mimi na Achieng tuliamini kabisa kwamba kuna mtu anayeweza kumweleza Mwalimu Yakub akaelewa. Tulikuwa bado wadogo.

Siku ya siku, dani akaja amevaa gauni la kanisani. Mimi nilikuwa na redio kaseti ya dukani, niliyoichukua aabo alipogeuza mgongo, kwa kuwa kanuni zilidai mashine iwepo hata kama hapatakuwa na wimbo. Mwalimu mkuu alikuwa Kisumu kwenye mkutano, kama kawaida yake. Mwalimu Yakub alikuwa ameketi nyuma ya meza, na miguu ameificha chini kabisa, maana siku hiyo alivaa kandambili. Viatu vyake vilikuwa kwa Dishon, fundi viatu wa sokoni. Alikuwa ameandaa karatasi ya alama: takriri, taswira, sauti, ishara za mwili.

"Karibu, Bibi," akasema. "Tafadhali anza."

"Mwalimu, mimi sikukuja kuanza," dani akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nimekuja kukwambia. Hapa kwetu mtu hawezi lilia mtu kama hajakufa. Hiyo ni kuita kifo. Hawa watoto unawatesa bure."

"Nimekuelewa, Bibi. Lakini hii ni fasihi. Ni mfano tu. Tunajifanya kana kwamba."

"Kana kwamba nini?"

"Kana kwamba kuna maiti."

"Maiti gani? Iko na jina?"

Na hapa Mwalimu Yakub akafanya jambo ambalo mtoto wa chekechea katika wilaya yote ile asingelifanya hata kwa peremende. Akatabasamu, tabasamu la kwanza tulilowahi kuliona, akasema, "Basi tumia jina langu. Yakub."

Achieng akanishika mkono hadi ukauma. Bonface alisimama, akaikumbuka Kanuni ya Kwanza, akaketi.

"Wewe mwenyewe umesema?" dani akauliza.

"Nimesema."

"Mbele ya hawa watoto wote?"

"Mbele yao. Na uanze kama mnavyoanza, Bibi, usipunguze kitu. Kuna alama tano za mwanzo."

Dani Phelesia akafikiri. Baadaye alituambia alichokuwa akikifikiri: kwamba mtu huyu ni wa mbali, wazee wake wa kule baharini hawasikii Kijaluo, na kifo cha huku hakijui njia ya kwao. Kwa hiyo hatari ilikuwa ndogo. Isitoshe, mtu akikulazimisha mara ya tatu umlilie, ameyataka. Akavua viatu, akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga kiunoni, akaniashiria niwashe redio. Kisha akapiga nduru.

Sijui nikueleze vipi. Nduru ya matanga ni yowe moja refu linalotoka chini ya tumbo, na kazi yake ni moja tu: kuwaambia watu wote wanaoisikia waache walichoshika waje. Ya dani Phelesia ilipita kwenye madirisha ambayo hayakuwa na vioo, ikavuka uwanja, ikashuka barabarani, ikafika sokoni. Mwalimu Yakub aliandika kitu kwenye karatasi yake. Nadhani alitoa zote tano.

Ndipo dani akaimba. Alikwenda mbele na kurudi nyuma mbele ya ubao, mkono mmoja kichwani, akamwita mwalimu kwa jina. Wasichana wakaanza kulia, kisha wavulana, na mimi niliyekuwa nimeshika redio machozi yalinidondokea kwenye vibonye. Mwalimu, ambaye hakuelewa neno, alitikisa kichwa kwa mahadhi na kuweka alama za vyema.

"Anasema nini?" akaninong'oneza. "Tafsiri. Mstari kwa mstari."

Nikatafsiri. "Anasema: Yakub, mwana wa maji ya chumvi, umelala kwenye udongo ambao mguu wako haujauzoea."

"Vizuri sana. Taswira."

"Anasema: ulikuja na karatasi ukaibandika, ukuta ukausalimu, sisi hukutusalimu."

Kalamu ikapunguza mwendo.

"Anasema: kikombe chako kina kifuniko, ni nani sasa atakifunua?"

Mstari uliofuata sikuutafsiri. Dani aliurudia mara nyingi, darasa zima lilikuwa likiuitikia kwa kilio, na mimi niliusikia vizuri, lakini nilimwangalia mtu yule na kandambili zake chini ya meza, nikamwonea huruma. Nikaruka moja kwa moja hadi uliofuata.

"Anasema: nani atamwambia mama yako?"

Mwalimu Yakub akaiweka kalamu mezani.

Wa kwanza kufika alikuwa Priscilla wa mandazi. Alikuja mbio kutoka langoni na unga hadi kwenye viwiko, akajitupa chini nje ya darasa. "Mwalimu wangu! Mwalimu wangu wa vidole viwili! Asubuhi si nimekupatia moto moto?" Nyuma yake Dishon, fundi viatu, ameshika kiatu kimoja cha mwalimu, soli imeshonwa nusu, sindano ikining'inia, naye analia akikizungumzia kiatu kile. Wakaja wanawake wa sokoni na matawi ya miti. Mzee mmoja akaswaga ng'ombe wake wawili hadi katikati ya uwanja wa mpira kukifukuza kifo, kama inavyopasa, na ng'ombe wakaanza kula nyasi za golini. Mzee wetu wa kengele aliamka, akaja, akaketi chini na kulia kuliko wote. Habari ilikuwa moja: Phelesia anamlilia Yakub, kwa hiyo Yakub amekufa. Ushahidi gani zaidi ulitakiwa?

Kisha nikaiona kofia ya aabo.

Alikuwa amefunga duka. Nilielewa kabla hajafika karibu, kwa sababu ufunguo mkubwa ulikuwa shingoni, na chini ya kwapa alibeba sanda, kitambaa cheupe kipya kutoka rafu ya juu. Waumini wengine walikuja nyuma wakisukuma mkokoteni uliobeba jeneza la msikiti. Kwetu maiti halazwi, huzikwa kabla jua halijazama, na Yakub hakuwa na ndugu mji ule, kwa hiyo ndugu yake alikuwa aabo. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia, na wala hapo hakuwa akilia kwa sauti. Machozi tu, kama alivyosema.

Mwalimu Yakub akasimama, akaenda dirishani na kandambili zake, akatoa kichwa nje.

Baadhi ya wanawake walitupa matawi wakakimbia. Dishon akadondosha kiatu.

"Mwalimu!" Priscilla akapaza sauti kutoka pale chini. "Si umekufa?"

"Sijafa, Bibi," akasema. Sauti yake haikuwa na nguvu. "Ni zoezi."

"Ni nini?"

"Zoezi. La darasani."

Yaliyosemwa baada ya hapo kwa Kijaluo siyaandiki. Aabo ndiye aliyeingia ndani. Akamtazama mwalimu kutoka kichwani hadi kwenye kandambili, akahakikisha, akasema Alhamdulillahi. Kisha akaniona mimi, akaiona redio ya dukani mikononi mwangu, kaseti ikiwa bado inazunguka.

"Nimefunga duka," akasema.

"Aabo—"

"Nimefunga duka, Asmaa. Nimebeba sanda ya mtu mzima mzima. Hii ndiyo shule? Toka hapo. Shule imeisha leo. Twende."

Nilianza kufunga mkoba, kwa kuwa nisingeweza kubishana na baba yangu mbele ya watu, na huku nalia kilio ambacho sasa hakikuwa cha kazi ya muhula. Mwalimu Yakub akaja akasimama kati yetu na mlango.

"Bwana Abdisalam," akasema, "Kanuni ya Kwanza."

"Kanuni gani?"

Akaonyesha ukutani. Aabo ni mtu anayeheshimu kitu kilichoandikwa. Dukani kwetu kulikuwa na matangazo kila pembe, Usiguse Mizani, Usiegemee Kaunta. Akasogea, akasoma polepole kwa kidole. Hakuna atakayetoka darasani kabla ya kengele, awe nani, liwe liwalo.

"Kengele italia saa ngapi?"

Sote tulimtazama mzee wa kengele kupitia dirishani. Alikuwa bado ameketi kwenye nyasi, anafarijiwa na wanawake wawili.

Aabo akaketi. Baba yangu, mwenye duka, aliketi kwenye dawati bovu la nyuma kando ya Bonface, sanda mapajani, akangoja kengele. Nilimpenda Mwalimu Yakub wakati ule kuliko mtu yeyote duniani, na kanuni yake ile ya kipumbavu pia.

Dani Phelesia akasema waliokuja matangani hawarudi bila kula. Akasema pia kwamba mtu aliyeliliwa akiwa hai lazima ale sahani moja na waliomlilia, kwa mikono yao, la sivyo atabaki nusu. Desturi hiyo sijawahi kuisikia popote, kabla wala baada, na Achieng ananiambia bibi yake aliitunga palepale. Lakini hakuna aliyetaka mwalimu nusu. Mzee wa ng'ombe akatoa mbuzi, aabo akaombwa achinje ili kila mtu aweze kula, na kengele ilipokuja kulia aabo alikuwa bado dawatini, lakini na kisu mkononi na shughuli nyingine. Mwalimu Yakub alikula ameketi chini kati ya Priscilla na Dishon, kutoka sinia moja. Alikula kama mtu aliyesahau jinsi inavyofanywa, kisha akakumbuka.

Jioni aabo alinipa hukumu. "Kama zile kelele zina alama, endelea na shule. Kama hazina, Jumatatu kiti kipo."

Mwalimu aliondoka na kaseti. Siku zilizofuata tulimwona akila mandazi yake palepale langoni, ameketi kwenye kiti cha Priscilla, redio kati yao, Priscilla akisimamisha na kumweleza, wakirudisha nyuma, wakisikiliza tena. Tulidhani ameanza kujifunza Kijaluo. Hatukujua anafanya kazi ya kusahihisha.

Ijumaa nilirudishiwa daftari. Achieng, niliyefanya naye kazi hiyo, alipewa alama za kumleta fanani. Kwangu mimi palikuwa na wino mwekundu tu: *Tafsiri si aminifu. Mstari mmoja umerukwa kwa makusudi. Usahihishe, uthibitishe, ndipo kazi ipate alama.*

Nikaketi na mstari ule mchana kutwa. Nisipouandika, Jumatatu niko dukani. Nikiuandika, ninamwambia mtu usoni, kwa maandishi mazuri, jambo ambalo hata dani aliyeliimba alikuwa amelisema kwa lugha ambayo mwalimu haelewi. Ingawa, bila shaka, alikwisha kulielewa. Priscilla si mtu wa kuruka mistari. Mwalimu alitaka tu niliseme mimi.

Niliandika hivi: *Mstari wa nne: Nani atakulilia hapa, Yakub, mahali ambapo hujui jina la mtu hata mmoja?*

Kisha nikakumbuka Kanuni ya Tisa, nikaendelea chini yake:

*Dai hili halikuthibitika. Ushahidi: Priscilla wa mandazi alikuja na unga mikononi. Dishon fundi alikuja na kiatu. Mzee wa kengele aliamka. Abdisalam alifunga duka.*

Nikampelekea. Aliusoma akiwa amesimama, kisha akausoma tena, na alichukua muda mrefu sana kwa mtu anayesoma mistari michache. Nikangoja, nikikifikiria kiti.

Akaishika kalamu nyekundu, akaandika alama, akanirudishia daftari bila kuniangalia.

"Ushahidi unatosha," akasema.